Ernest Hemingway: Mwandishi wa Mzee na Bahari

Mtahiniwa, ukiyajua maisha ya mwandishi utaelewa kwa nini riwaya yake imeandikwa vile ilivyoandikwa. Soma kwa makini.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, karibu na Chicago, Marekani. Baba yake, daktari, alimfundisha kuvua na kuwinda. Mwaka 1917 alipomaliza sekondari hakwenda chuo kikuu; aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star. Huko alifundishwa kuandika sentensi fupi na kuacha maneno ya ziada. Ukiulizwa kuhusu mtindo, anzia hapa.

Mwaka 1918 alikwenda Italia kuendesha gari la wagonjwa vitani, akajeruhiwa vibaya kabla ya kutimiza miaka 19. Ndiyo maana wahusika wake wengi ni watu walioumia lakini hawalalamiki.

Alipokuwa akivua katika bahari ya Cuba, alisikia habari za mzee aliyenasa nduaro mkubwa akiwa peke yake, kisha papa wakamla samaki huyo. Mwaka 1936 aliisimulia kwa ufupi katika makala. Aliikalia kwa takribani miaka 15 kabla ya kuifanya riwaya.

Mwaka 1950 alitoa riwaya nyingine, wahakiki wakaiponda, na wengine wakasema kipaji chake kimekwisha. Miaka miwili baadaye ikatoka Mzee na Bahari. Jarida la Life lililoichapa yote liliuza nakala zaidi ya milioni 5 kwa siku mbili. Alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1953 na ya Nobel mwaka 1954. Hakwenda Stockholm kuipokea Nobel, kwani Januari mwaka huo alipata ajali mbili za ndege nchini Uganda, na baadhi ya magazeti yalikwisha kutangaza kifo chake.

Miaka ya mwisho alisumbuliwa na maradhi na sonona. Alijiua tarehe 2 Julai 1961 nyumbani kwake Ketchum, Idaho.

Zingatia: Santiago alikaa siku 84 bila samaki, na Hemingway alidharauliwa kabla ya kuinuka tena. Unaweza kutaja mfanano huo kwa sentensi moja. Usiandike kwamba Santiago ni Hemingway. Mwandishi alikuwa tajiri na maarufu, Santiago ni maskini asiye na kitu. Pia usidai kwamba kifo cha mwandishi kinaifuta dhamira ya ustahimilivu. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kusimulia maisha ya mwandishi wakati swali linataka hoja na mifano kutoka riwayani.

Jipime: Santiago anarudi pwani na mifupa tu. Je, ameshinda au ameshindwa? Toa hoja tatu, kila moja na mfano wake.