Ibn Batuta Katika Nchi ya Andalusi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shekhe Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, aliyejulikana kwa jina la Ibn Batuta, alizaliwa katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko, mwezi wa Rajab mwaka wa 703 wa Hijra, nao ni mwaka wa 1304 wa Kizungu. Jamaa zake walikuwa watu wa elimu na ukadhi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Malik. Alipotimiza umri wa miaka 21 alitoka kwao peke yake, hana rafiki wala msafara, kwenda kuhiji. Hakurudi Moroko illa baada ya miaka 24.

Watu wa Pwani humjua kwa kuwa alifika kwao. Kiasi cha mwaka wa 1331 alishuka Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akaona misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara, akawataja wenyeji kuwa ni Mashafii, wacha Mungu. Kisha akenda Kilwa, na huko akamwona Sultani Hasan bin Sulaiman akiombwa nguo na fakiri wa Yemen baada ya sala ya Ijumaa, naye akampa zile zile alizozivaa. Baada ya hapo alikuwa kadhi Delhi, na kadhi tena katika visiwa vya Maldives, akafika hatta Uchina. Hayo yanasimuliwa mara nyingi. Safari yake ya Andalusi, katika nchi ya Hispania, haisimuliwi sana, wala haikuwa ndefu, na huenda ndiyo sababu.

Alirejea Moroko mwaka wa 1349, akakuta mama yake amekwisha kufa kwa tauni. Na khabari ya kufa baba yake alikuwa ameipata njiani, Damascus, naye baba amezikwa zamani. Hakukaa. Mwaka wa 1350 akavuka bahari kwenda Andalusi. Nchi ile ilikuwa mikononi mwa Waislamu tangu Tariq bin Ziyad alipovuka mwaka wa 711, lakini wakati huo ilikuwa imepungua sana: Cordoba ilichukuliwa mwaka wa 1236, na Seville mwaka wa 1248, pakasalia ufalme wa Granada peke yake, umebanwa baina ya milima na bahari. Mfalme Alfonso wa Wakristo alikuwa ameuzingira Jabal Tariq, naye akafa kwa tauni mumo humo kambini, mwezi wa Machi mwaka ule ule. Ibn Batuta alipofika aliuzunguka mlima wote kwa miguu, akatazama maboma yake, akatamani lau angekuwa mmoja wa walinzi wake mpaka mwisho wa umri wake.

Akenda Ronda, ambako binamu yake alikuwa kadhi, kisha Marbella. Hapo alikuta wapanda farasi 12 wanakwenda Malaga, akataka kufuatana nao, lakini wakamtangulia. Akafuata nyuma na wenziwe. Njiani aliona farasi amekufa shimoni. Akaenda mbele kidogo, akaona kikapu cha samaki kimetupwa chini. Moyo wake ukaingia shaka. Lakini mbele yake palikuwa na mnara wa walinzi, akajiambia kuwa lau yupo adui, mlinzi angalipiga kelele. Kumbe mlinzi hakuwako mnarani! Marikebu nne za makasia za Wakristo zilikuwa zimekuja, watu wakashuka pwani, wakawakuta wale wapanda farasi. Mmoja aliuawa, mmoja akakimbia, na 10 wakachukuliwa mateka. Na yule mwenye samaki, mvuvi maskini aliyekuwa akipita na riziki yake, aliuawa pamoja nao. Mkuu wa ngome ya Suhayl ndiye aliyemweleza Ibn Batuta mambo hayo, akamlaza ngomeni usiku ule.

Siku ya pili akafika Malaga. Mji ulikuwa na neema: tini na lozi za kupeleka nchi za mbali, zabibu za bei ndogo, na vyombo vya udongo vilivyotiwa rangi ya dhahabu. Lakini alipoingia msikiti mkuu, wenye michungwa katika ua wake, alimkuta kadhi ameketi pamoja na wanavyuoni na wakubwa wa mji, wanakusanya mali ya kuwakomboa wale mateka. Akawaeleza jinsi alivyosalimika, na kadhi akastaajabu, akampelekea ukarimu. Wako wanaomlaumu Ibn Batuta kwa kuhesabu mno zawadi alizopewa, na kwa kweli hakuficha tabia hiyo. Lakini alihifadhi pia khabari ya kikapu cha samaki, jambo ambalo wengi wangelipita bila kulitaja.

Granada yenyewe aliisifu kwa mto wake na mashamba na bustani zake, zilizoenea kiasi cha maili 40. Sultani Yusuf bin Ismail alikuwa mgonjwa, hakuonana naye. Mama yake Sultani akampelekea dinari za dhahabu. Huko alikuta mafakiri wa Kiajemi kutoka Samarkand, Tabriz na Khurasan, na wengine wa Bara Hindi, waliohamia kwa sababu nchi ile ilifanana na kwao. Hiyo ni bahati ya wageni wachache. Mtu wa Pwani aliyehamia Bahi, katika nchi ya Wagogo, hakuona mnazi wala bahari. Aliona mbuga ambayo maji ya mto Bubu huingia yasitoke, jua likayakausha, ikabaki chumvi. Naye pia alikaa, akajenga msikiti, akazika wafu wake.

Granada ilisalimishwa kwa Wakristo mwezi wa Januari mwaka wa 1492. Na Kilwa, ile aliyoiona katika utukufu wake, ilishikwa na Wareno mwaka wa 1505.

Katika bustani moja ya Granada alikaa siku mbili akiwasimulia wanavyuoni safari zake, na mmoja wa waliosikiliza, kijana Ibn Juzayy, akaandika majina ya watu mashuhuri aliokutana nao. Baadaye Ibn Juzayy alihamia Fez. Ibn Batuta akenda Mali, kuvuka jangwa, akarudi; na Sultani Abu Inan akaamuru khabari zake zote ziandikwe. Aliyeandika alikuwa kijana yule wa Granada, na kitabu kikamalizika mwaka wa 756 wa Hijra, yaani 1355. Ibn Batuta, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi baada yake miaka kiasi cha 13, akiwa kadhi katika mji mmojawapo wa Moroko.