IMAMU ABU HANIFA NA JIRANI YAKE MLEVI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, leo tunamtazama Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa mwaka 80 Hijria (699 Miladia) katika mji wa Kufah, Iraq. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyesifika kwa uaminifu. Alisoma kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman kwa muda wa miaka 18 hivi, mpaka sheikh wake alipofariki mwaka 120 Hijria.

Kisa na jirani

Inasimuliwa kuwa Imamu alikuwa na jirani mshona viatu. Mchana kutwa alifanya kazi, na usiku alirudi na kitoweo chake, akala, akalewa, kisha akaimba kwa sauti kubwa mpaka usingizi umchukue. Wimbo wake ulikuwa wa kulalamika kwamba watu wamempoteza kijana mwema. Imamu alikuwa akisali usiku, na kelele zote zilimfikia. Alivumilia.

Usiku mmoja hakusikia kitu. Alipouliza, akaambiwa jirani amekamatwa na askari wa doria. Mwingine angeshukuru kwamba sasa atasali kwa utulivu. Imamu alisali Alfajiri, akapanda nyumbu wake, akaenda kwa amiri wa mji kumuombea. Kwa heshima yake, amiri akamwachia huru mshona viatu pamoja na wote waliokamatwa usiku ule.

Njiani Imamu hakumgombeza. Alimuuliza tu kama kweli wamempoteza. Yule kijana akajibu kwamba la, bali amehifadhiwa na kuchungiwa haki ya ujirani. Akatubia, asirudie tena ulevi.

Imamu alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767 Miladia), baada ya kufungwa na Khalifa Al-Mansur kwa kukataa ukadhi. Mwaka huo huo alizaliwa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea mwambao wetu.

Mafunzo

1. Imamu hakuihalalisha pombe. Aliichukia dhambi, lakini hakumtupa mwenye dhambi.

2. Jirani ana haki yake hata akitukera. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, tumeamrishwa kumtendea wema jirani wa karibu na wa mbali.

3. Nasaha huingia moyoni baada ya wema. Tukigombana kwa ajili ya redio, maji machafu au mpaka wa kiwanja, tujiulize kwanza: huyu jirani alipougua au alipofiwa, sisi tulikuwa wapi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema na atupatanishe na tuliokosana nao. Amin.