Frank Dixey: Mtu wa visima aliyemwachia jina mjusi wa Karonga

WENGI wa wasomaji wa ukurasa huu wamelala Karonga walau usiku mmoja. Aliyetoka Uvira, Bujumbura au Kigoma akielekea kambi ya Dzaleka aliingia kwa daraja la Songwe na kupita hapo, na wapo waliopita hapo tena wakirudi makwao. Mfanyabiashara anayevusha mchele wa Kyela kwenda Lilongwe anaijua stendi ya Karonga kuliko anavyoijua mitaa ya kwao.

Lakini ni wachache waliowahi kuuliza kuna nini kwenye vilima vilivyo upande wa magharibi, mbali na ziwa. Humo ndimo ilimotoka mifupa ya mjusi mkubwa aliyeishi zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita. Sisi Watanzania tumezoea kumlilia mjusi wa Tendaguru, mkoani Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na ambaye leo amesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Wa Karonga hatumsemi kabisa, ingawa ni jirani yetu wa kuvuka daraja tu.

Jina lake la kitaalamu ni Malawisaurus dixeyi. Neno la kwanza ni nchi. La pili ni mtu, na huyo mtu ndiye ninayetaka kumweleza leo.

Kilichonisukuma kumtafuta ni vijana wa Dzaleka. Nimefika kambini hapo mara nyingi kikazi, na katika safari moja nikakuta vijana watatu, wawili Wakongo na mmoja Mrundi, wamekusanya sanamu za plastiki za dinosaria. Walizipata moja moja kutoka kwa wachuuzi wanaonunua marobota ya mitumba Lilongwe, maana ndani ya marobota ya vitu vya watoto hujaa vinyago vya kila aina. Walikuwa nazo zaidi ya 30. Nyingi kati yake walizidharau. Huyu mkia wake unaburuzika chini, walieleza, na huyu miguu ya mbele imetanuka kama ya kenge.

Nikajua hapo kwamba si mchezo wa watoto. Duniani wapo watu wazima wengi wenye shughuli hiyo hiyo. Kila mwaka husubiri kampuni za kutengeneza sanamu zitangaze wanyama wapya, na picha ya kwanza ikitoka wanahesabu vidole, wanapima shingo na kulinganisha na mifupa iliyomo kwenye makumbusho. Kampuni ya Marekani iitwayo Safari Ltd iliwahi kumtoa Malawisaurus mwishoni mwa miaka ya 2010. Vijana wangu hawa wanayo picha yake tu kwenye simu. Wanachosubiri ni Malawisaurus mpya, aliye sahihi zaidi, na jamaa yao aliyehamishiwa Marekani ameahidi kuwatumia siku atakapotoka.

Mmoja wao alilitamka jina la dixeyi vizuri sana. Nilipomuuliza Dixey ni nani, alidhani ni mahali.

Frank Dixey alizaliwa mwaka 1892, akasoma chuo kikuu Cardiff, katika nchi ya Wales iliyokuwa ikiishi kwa makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa jiolojia, yaani elimu ya miamba. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpeleka Sierra Leone, na mwaka 1921 akahamishiwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Makao yake yalikuwa Zomba, mji mkuu wa wakati ule, kwani Lilongwe haikuwa mji mkuu hadi mwaka 1975. Alikaa Nyasaland hadi mwaka 1939, miaka 18 mizima.

Msomaji asimfikirie mtu wa kukaa ofisini. Barabara zilikuwa chache, na kazi ya kuchora ramani ya miamba ilifanywa kwa miguu, wapagazi wakibeba mahema, vyakula na mawe yenyewe. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imekwisha miaka michache tu nyuma, na katika nchi ile kulikuwa na wanaume wengi waliokuwa tengatenga, waliobebeshwa mizigo ya jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Karonga yenyewe ilipiganiwa mwezi Septemba mwaka 1914. Nchi hiyo iliyochoka ndiyo Dixey aliyopewa aisome, kuanzia mto Shire hadi mpaka wa Songwe.

Mwaka 1924 alikuwa kaskazini, kwenye vilima vya Karonga. Huko alikuta tabaka za mchanga mwekundu na udongo mgumu zenye mifupa mikubwa iliyogeuka mawe. Alizitambua tabaka hizo kuwa za enzi za dinosaria. Mifupa ikapelekwa Cape Town, Afrika Kusini, ambako mtaalamu Sidney Haughton aliichunguza, na mwaka 1928 wote wawili wakachapisha walichokiona: Dixey akieleza tabaka, Haughton akieleza mifupa. Haughton ndiye aliyempa mnyama jina la Gigantosaurus dixeyi, kwa heshima ya mwenzake.

Jina hilo la kwanza lilikuwa na kasoro tangu siku ya kuandikwa. Gigantosaurus lilikuwa limeshatumiwa mwaka 1869 kwa mifupa ya huko Uingereza, kisha Wajerumani wakalitumia tena kwa mijusi ya Tendaguru, hadi likawa kama shati la kuazima linalopita kila nyumba. Haughton alikuwa na vipande vichache tu mbele yake, akamweka mjusi wa Karonga katika kundi ambalo baadaye ilionekana si lake.

Dixey hakukaa kulinda mifupa. Pembeni ya ziwa alikuwa amekwisha kueleza tabaka nyingine, changa zaidi, ziitwazo Chiwondo. Huko huko, mahali paitwapo Uraha, mwaka 1991 kundi la watafiti wakiwamo Friedemann Schrenk na Timothy Bromage lilipata taya la binadamu wa kale mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Kusini, kwenye ziwa Chilwa, yeye na wenzake walieleza mwaka 1937 miamba ya chokaa iliyotoka tumboni mwa dunia ikiwa moto kama ya volkano, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa hawajalikubali. Aliandika sana pia juu ya Bonde la Ufa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni maji.

Nyasaland ilikuwa na ardhi nzuri iliyokaa bila watu kwa sababu moja tu, kwamba kiangazi kikifika vijito vinakauka. Watu walijazana karibu na mito na madambo, huku mashamba mazuri yakibaki pori. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 Dixey alisimamia mpango wa serikali wa kuchimba visima, na mwaka 1931 alichapisha London kitabu cha mwongozo wa kupata maji, kilichotolewa tena mwaka 1950. Kilisomwa na maofisa wa makoloni mengi yenye ukame.

Elimu yenyewe si ngumu kuieleza. Sehemu kubwa ya nyanda za kati za Malawi, ikiwamo Lilongwe na wilaya ya Dowa, imekaa juu ya mwamba wa kale mgumu usionyonya maji. Juu ya mwamba huo kuna tabaka lililooza kwa jua na mvua za miaka mingi, na humo ndimo maji ya mvua yanamojificha. Mchimbaji asiyelifikia tabaka hilo hapati kitu. Anayelipita na kuingia kwenye mwamba mzima anategemea nyufa, na nyufa ni bahati. Mtu wa miamba akiangalia mteremko, miti na rangi ya udongo, anaweza kusema tabaka ni nene wapi, na huo ndio ujuzi aliokuwa akiufundisha Dixey.

Sasa turudi Dzaleka. Kambi hiyo iko Dowa, mwendo usiofika saa moja na nusu kwa gari kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafunguliwa kama kambi ya wakimbizi. Pametengwa kwa watu wapatao 10,000, na leo wanaishi zaidi ya 50,000. Maji mengi yanatoka kwenye visima vya bomba la mkono, ambavyo wenyeji wanaviita mijigo. Visima hivyo vilichimbwa miaka mingi baada ya Dixey kuondoka, wala sisemi kwamba yeye alikanyaga pale. Lakini aliyewahi kupanga ndoo saa kumi ya alfajiri, akasikia bomba likianza kutoa hewa kabla zamu yake haijafika, anaelewa tabaka lililooza ni nini bila kufundishwa na mtu.

Mwaka 1939 Dixey alihamia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na huko pia akasimamia maji. Mwaka 1944 akaenda kuongoza idara ya jiolojia ya Nigeria. Mwaka 1947 akaitwa London kuwa mkuu wa idara za jiolojia za makoloni yote, kazi aliyoifanya hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1958 Royal Society ilimchagua kuwa mwanachama wake. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, hilo halifichiki, na idara alizoziongoza zilitafuta madini kwa faida ya London kwanza. Wapagazi na wachimbaji waliokuwa naye Karonga hawamo kwenye jina la mjusi. Jina la kisayansi lina nafasi ya mtu mmoja, na mwaka ule nafasi ilikwenda kwa mwenye kalamu.

Mifupa ikasahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 1984 Mmarekani Louis Jacobs, aliyekuwa amefanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alianza kuvitafuta vilima vile upya kwa kushirikiana na Idara ya Mambo ya Kale ya Malawi. Walichimba kwa misimu kadhaa wakapata uti wa mgongo, mifupa ya miguu, vipande vya taya na fuvu, na hata kibamba cha mfupa kilichokuwa ndani ya ngozi kama ngao. Mwaka 1993 Jacobs, Dale Winkler, William Downs na Mmalawi Elizabeth Gomani walitangaza kwamba mnyama huyu anastahili jina lake mwenyewe: Malawisaurus. Kwa kanuni za wataalamu, neno la kwanza linaweza kubadilishwa lakini la pili linabaki, ndiyo maana Dixey amebaki.

Gomani ndiye aliyeendelea hadi mwisho. Mwaka 2005 alichapisha maelezo marefu ya mijusi ya Karonga, akamtaja na mwingine mpya, Karongasaurus. Baadaye alishika nyadhifa za juu serikalini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2004, makumbusho yalifunguliwa Karonga mjini, na ndani yake amesimamishwa mfano wa mifupa ya Malawisaurus. Mfanyabiashara anayesubiri lori lipakie anaweza kwenda na kurudi.

Maelezo hayo ndiyo vijana wa Dzaleka wanayopimia sanamu. Uso uwe mfupi na wa juu, kwa sababu taya limepatikana. Vibamba viwepo mgongoni, lakini visijazwe ovyo, maana kilichopatikana ni kidogo. Miguu ya mbele isiwe na kucha, kwa kuwa mijusi wa ukoo huu walikanyagia vifupa vilivyosimama kama nguzo. Mkia uwe hewani. Kuhusu mkia wasiwacheke watoto wa mitumba peke yao: yule wa Berlin alisimamishwa mwaka 1937 mkia ukiwa chini na miguu ya mbele imetanuka, na Wajerumani walimrekebisha na kumfungua upya mwaka 2007, miaka 70 baadaye.

Sehemu ambazo mifupa yake haijapatikana, mtengenezaji anaazima kwa ndugu zake wa Amerika Kusini na kwingineko. Hapo ndipo vijana wanapogombana, na niliwaacha wakigombana juu ya urefu wa shingo. Mrundi alikuwa amefinyanga wake wa udongo wa dambo, urefu wa mkono mmoja, akaanika juani pamoja na matofali ya jirani. Kwenye tumbo ameandika kwa kijiti jina zima, pamoja na dixeyi, kwa herufi ndogo kama inavyotakiwa.

Frank Dixey alifariki dunia mwaka 1982, akiwa na miaka 90. Haughton, aliyempa mjusi jina hilo, alifariki mwaka huo huo. Wote wawili waliondoka mjusi wao akiwa bado anaitwa kwa jina la kuazima.