Paul Ehrlich, Mpimaji wa Nguvu ya Dawa

Ukienda Kariakoo kununua mchele kwa muuza duka mwenye mizani ya mawe, yeye huweka jiwe la kilo moja upande mmoja na mchele upande wa pili. Jiwe likiwa pungufu, wanunuzi wote hupunjwa. Je, umewahi kujiuliza nguvu ya dawa hupimwa kwa jiwe gani? Mtaalamu mmoja aliyeshughulikia swali hilo ni Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji wa Strehlen, ambao siku hizi umo nchini Poland. Tangu alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alipenda sana rangi. Alizitia rangi chembe za damu, kisha akazitazama kwa hadubini. Aliona kwamba hazikushika rangi kwa namna moja, na hivyo akaweza kutofautisha aina zake. Baadaye aliugua kifua kikuu, akaenda Misri hadi alipopata nafuu. Kisha alifanya kazi Berlin pamoja na Robert Koch, yule mtaalamu ambaye baadaye alifika Dar es Salaam kuchunguza magonjwa.

Leo akina mama huwapeleka watoto wao hospitali, kama ile ya Mnazi Mmoja, wakachanjwa dhidi ya dondakoo. Zamani chanjo hiyo haikuwapo, na ugonjwa huo uliwaua watoto wengi. Vijidudu vyake hukaa kooni na kutoa sumu. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya vijidudu huwa na kinga dhidi ya sumu hiyo. Kinga hiyo twaiita kingamwili. Baadaye madaktari walitoa damu ya farasi, wakachukua majimaji yake yaitwayo seramu, wakawadunga watoto wagonjwa.

Lakini palikuwa na tatizo kubwa. Seramu moja ilikuwa na nguvu, nyingine dhaifu, na kwa macho zote zilifanana. Mtoto aliyedungwa seramu dhaifu aliweza kufa, ingawa alikuwa amepewa dawa.

Mwaka 1897 Ehrlich alieleza njia ya kupima. Alichagua seramu moja, akaikausha na kuihifadhi mbali na hewa, mwanga na unyevu ili isipoteze nguvu. Hiyo ndiyo ikawa jiwe lake la mizani. Kila seramu mpya ilichanganywa na sumu, wakadungwa simbilisi, ili ijulikane kiasi kinachotosha kuizima sumu. Kisha ililinganishwa na ile ya kwanza.

Mwaka 1908 Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff. Alifariki tarehe 20 Agosti, 1915.

Siku hizi zipo dawa za kingamwili za kutibu maradhi kama saratani. Ili kujua kiasi cha dawa kilichomo mwilini, mpimaji wa maabara huweza kutia seramu ya mgonjwa katika kisahani chenye vishimo vidogo. Dawa hunasa ndani ya vishimo, kisha hutiwa kemikali zinazotoa rangi. Kwa vipimo vingi vya namna hiyo, dawa ikiwa nyingi, rangi hukolea. Rangi hiyo hulinganishwa na ile ya vishimo vyenye kiasi kinachojulikana. Kama unavyoona, jiwe la mizani bado lipo.

Maswali
1. Kwa nini kutazama seramu kwa macho hakukutosha?
2. Kwa nini Ehrlich aliikausha seramu yake?
3. Taja vitu viwili nyumbani kwenu vinavyohitaji kipimo cha kulinganishia.