Dokta Joe, muganga aliyeingia nyumbani kabla mtoto hajaugua

Kila wakati wa joto, miaka ya 1900 na kitu, mji wa New York kule Marekani ulikuwa unazika watoto wachanga bila kupumzika. Kuhara ndiko kulikuwa kunawamaliza. Mwaka 1902 mwanamuke mmoja wa miaka 28, muganga asiye na jina, alipewa na mji kazi ya kuzunguka katika kartiye moja ya maskini inayoitwa Hell's Kitchen kutafuta watoto wagonjwa, nyumba kwa nyumba. Alikuwa anapanda ngazi za magorofa ya zamani, ghorofa ya nne, ya tano, na jua linawaka. Akifungua mlango anakuta walevi, uchafu, mama amechoka, mtoto anakata roho. Anashuka, anapanda tena gorofa ya pili yake. Kufatana na kitabu alichoandika uzeeni, wakati ule watoto 1500 walikuwa wanakufa kila juma katika mji mzima.

Kilichomuumiza zaidi si ngazi. Ni kuona kwamba kazi yake ilikuwa karibu bure. Mtoto mchanga akishaharisha siku mbili tatu katika chumba kisicho na dirisha, muganga akifika anakuta mambo yameisha. Dawa ya kumrudisha haikuwapo.

Jina lake ni Sara Josephine Baker. Wasikilizaji wasimchanganye na yule Josephine Baker mwimbaji na mchezaji aliyepata sifa kule Paris. Huyu wa kwetu leo hakucheza popote. Watu wa kazini walimuita Dokta Joe. Alikuwa anavaa koti la kushonwa kama la wanaume, shati yenye kola ngumu na tai, kusudi wakubwa wa ofisi wakae naye mezani bila kukumbuka kila dakika kwamba ni mwanamuke.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1873 huko Poughkeepsie, mji ulio kando ya mto Hudson, katika jamaa yenye uwezo. Baba yake alikuwa avoka. Akiwa na miaka 16, mdogo wake wa kiume alikufa, na haikupita muda baba naye akafa na tifoide. Tifoide, hapa kwetu kila mtu anajua inatoka wapi: maji machafu. Watu wa Poughkeepsie walikuwa wanakunywa maji ya ule mto, ambao ulikuwa unapokea uchafu wa hospitali. Binti alikuwa anajitayarisha kwenda masomo ya juu ya wasichana wa watu wenye kitu. Aliacha mpango huo, akasema atakuwa muganga, atafuta kazi, atalisha mama na dada. Ndugu walimshangaa. Alichukua sehemu ya makuta yaliyobaki, akaingia shule ya uganga ya wanawake mjini New York, akamaliza mwaka 1898.

Alifanya mazoezi ya kazi mjini Boston, katika hospitali ya wanawake na watoto. Huko ndiko alianza kujua nyumba za maskini. Usiku mmoja alienda kuzalisha mama nyumbani, mume akaja amelewa na kutaka kupiga watu. Baker alimsukuma, mtu akaanguka kwenye ngazi. Yeye akafunga mlango akaendelea kuzalisha.

Aliporudi New York akafungua kabine. Mwaka wa kwanza mzima alipata dola 185. Ndiyo sababu aliomba kazi ya mji, ya kukagua watoto mashuleni, kisha akajikuta Hell's Kitchen. Si moyo wa huruma peke yake uliompeleka, ni kodi ya nyumba pia. Tena tusimfanye malaika: kitabu chake kina maneno makali juu ya wamama wa kartiye ile, aliowaona kama watu waliokwisha kukubali kwamba mtoto wa wakati wa joto anazaliwa ili afe. Ilimchukua miaka kufahamu kwamba wengi walikubali kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha jambo lingine.

Mwaka 1907 alitumwa kumfuata mpishi mmoja kutoka Irlande, Mary Mallon. Mama huyu alikuwa na vidudu vya tifoide mwilini bila kuugua, na kila nyumba alipopika watu waliangukia kitandani. Baker alienda kuomba damu na mkojo, akafukuzwa. Kesho yake alirudi na polisi watatu na gari la wagonjwa. Mary alitoka na uma mrefu wa jikoni, kisha akapotea. Walimtafuta saa nyingi, mpaka wakaona kipande cha nguo kimebanwa kwenye mlango wa kistoo. Alipigana njia yote, na Baker alimkalia mwilini ndani ya gari mpaka hospitalini. Mary alifungiwa kwenye kisiwa. Alifunguliwa mwaka 1910, akakamatwa tena mwaka 1915 akipika katika hospitali ya wazazi kwa jina la kuazima, na safari hii alibaki kisiwani mpaka kifo chake mwaka 1938. Watu wa Beni, Butembo na Mangina walioona misafara ya Ebola ikiingia katika avenyu pamoja na askari hawana haja ya kuelezwa namna gani mlango unafungwa mbele ya muganga wa aina hiyo.

Na ni muganga huyohuyo ambaye, mwaka mmoja nyuma ya hapo, alijaribu njia nyingine kabisa ya kuingia nyumbani mwa watu.

Wazo lenyewe lilikuwa dogo. Kama mtoto mgonjwa hatibiki, basi aende kwa mtoto mzima. Ile wakati kazi ya afya ya mji ilikuwa kufuata ugonjwa. Mtu mzima hakuwa kazi ya leta. Kuomba franka za serikali kwa ajili ya mtoto anayenyonya vizuri na kulala vizuri ilionekana kama kichekesho. Lakini mashule yalikuwa yamefungwa kwa wakati wa joto wa mwaka 1908, na wauguzi wa mashule walikuwa hawana kazi ya kutosha. Baker akaomba apewe 30. Akachagua sehemu moja ya Lower East Side, upande wa mashariki wa mji, palipojaa wageni waliotoka Italia, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili, mahali ambapo watoto walikuwa wanakufa zaidi.

Kila asubuhi alikuwa anatoa katika ofisi inayoandika vizazi orodha ya watoto waliozaliwa: jina, avenyu, ghorofa. Siku hiyohiyo muuguzi anapanda ngazi. Anamkuta mama bado amelala na mtoto wa siku moja au mbili. Hana dawa mfukoni, hana polisi nyuma yake. Anakaa. Anamuonyesha mama namna ya kumuogesha mtoto, anamwambia afungue dirisha, amvulie zile nguo nzito anazofungiwa kama mzigo katika joto lile, amtoe nje kupata hewa. Zaidi ya yote anamsihi amnyonyeshe, asikimbilie maziwa ya dukani. Maziwa yale yalikuwa yanauzwa katika madumu wazi, yameongezwa maji, wakati mwingine chokaa ili yaonekane meupe, na kwa joto lile yalikuwa sumu. Kisha muuguzi anaaga, na atarudi siku nyingine, na nyingine.

Wale RECO wanaozunguka leo katika maeneo ya afya, wenye daftari na kile kitepe cha kupima mkono wa mtoto, wangeifahamu kazi hiyo mara moja.

Wakati wa joto ulipokwisha, walihesabu. Katika sehemu ile moja walikufa watoto 1200 pungufu kuliko wakati wa joto wa mwaka uliotangulia. Katika sehemu zingine za mji vifo vilibaki vilevile. Muuguzi hakuongeza mshahara wa baba, wala mwenye nyumba hakutoboa dirisha ambalo halikuwapo. Umaskini ulibaki pale ulipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu anayejua kazi alifika mapema, na akarudi.

Mwezi wa Agosti 1908 mji ulifungua ofisi ya afya ya watoto, ya kwanza ya aina yake kuwekwa na serikali, na Baker akawa mkubwa wake. Waganga sita, wanaume, waliwekwa chini yake. Wote sita wakataka kuacha kazi, juu ya aibu ya kuamrishwa na mwanamuke. Aliwaomba wajaribu mwezi mmoja tu. Mwezi ukaisha, wakabaki.

Kutoka hapo kazi iliongezeka haraka. Wamama wengi wageni hawakutaka mwanaume awazalishe, walikuwa na wakunga wao. Waganga wakubwa wa mji walitaka wakunga wafutwe. Baker hakukubali: aliwaandikisha, akawakagua, wakafunguliwa shule, na asiyefaa akanyimwa ruhusa. Kulikuwa na watoto waliokuwa wanapofuka siku za kwanza kwa ugonjwa waliopata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Dawa ya matone ilijulikana, lakini katika chupa ilikuwa inachafuka, ama inakauka na kuwa kali mpaka inaunguza jicho. Yeye alitumikisha vidonge vidogo vya nta ya nyuki, kila kimoja na kipimo cha jicho moja, kinatobolewa mara moja basi. Upofu ule ukapungua karibu kuisha. Hata nguo za mtoto alizichora upya, zifunguke mbele toka juu hadi chini, mtoto asivutwe kichwani. Mama yeyote anaona faida yake. Kampuni moja kubwa ya bima ilinunua mifano 200 000 kugawia wateja wake, na Baker alipata senti moja moja.

Tena kulikuwa na wasichana. Katika nyumba zile mama anatoka asubuhi kwenda kushona kiwandani, mtoto anabaki mgongoni mwa dada wa miaka kumi na kitu. Hapa kwetu pia wanajulikana. Baker alianzisha makundi ya wasichana wa miaka 12 na zaidi, wakawa wanafundishwa kuogesha na kulisha mtoto, na wao wakawa wanawafundisha mama zao na majirani.

Si wote walifurahi. Waganga zaidi ya 30 wa Brooklyn waliweka sahihi kwenye barua kwa meya, wakiomba ofisi hiyo ifungwe. Sababu yao waliiandika bila haya: inaharibu kazi ya uganga, kwa kuwa watoto wanakaa wazima na kabine zinabaki bila wagonjwa. Baker aliposomewa barua alimwambia meya kwamba hajawahi kupata sifa nzuri kama hiyo. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini ndani yake kuna shida ambayo haijapona. Mtoto ambaye hakuugua hana anayemlipia.

Marekani ilipoingia vita mwaka 1917 alipata namna ya kuwaamsha wenye makuta. Alikuwa anawaambia wazi kwamba askari anayepigana kule Ufaransa ana nafasi ya kuishi kuliko mtoto anayezaliwa Marekani: askari walikuwa wanakufa 4 kwa mia, watoto 12 kwa mia kabla ya kutimiza mwaka. Magazeti yalipenda hesabu hiyo. Mwaka huohuo akawa mwanamuke wa kwanza kupata udokta wa afya ya watu katika chuo kikuu kimoja cha New York. Chuo kilimtaka afundishe, lakini hakikupokea wanawake kusoma. Alisema hafundishi kama hawezi kusoma, na mwishoni walikubali. Wanafunzi wanaume walimpokea kwa kupiga makofi ya kumdharau. Alicheka nao, akaendelea na somo. Alifundisha hapo miaka 15.

Mwaka 1908 katika New York, kwa watoto 1000 waliozaliwa, 144 walikuwa wanakufa kabla ya mwaka mmoja. Mwaka 1918 ilikuwa 88. Haikuwa kazi yake peke yake, kwa sababu katika miaka ile mji ulianza pia kulazimisha maziwa yapashwe moto kabla ya kuuzwa. Aliacha ofisi mwaka 1923, na kwa wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na ofisi kama yake.

Miaka ya mwisho aliishi kwenye shamba katika jimbo la New Jersey pamoja na wanawake wawili, mwandishi Ida Wylie na muganga Louise Pearce. Huyu Pearce alifahamu Kongo: mwaka 1920 alitumwa peke yake mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kujaribu dawa mpya ya ugonjwa wa usingizi, ambayo iliponyesha wengi ingawa iliweza kuharibu macho ya wengine. Baker aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1939. Alikufa na kansa mjini New York tarehe 22 Februari 1945, akiwa na miaka 71.