Chale Ni Nani?

Naitwa Charles, lakini tangu kidato cha kwanza mimi ni Chale tu. Siku moja nikafungua kamusi ya chama chetu nikitafuta la kujitetea, nikakuta kwamba chale ni mtu wa kuchekesha watu. Loo! Nikafunga kamusi. Mwalimu mlezi ndiye aliyenituma nikamtafute mwenye jina, Charlie Chaplin.

Charlie alizaliwa Uingereza tarehe 16 Aprili 1889. Jina lilikuwa la baba yake, Charles Chaplin, mwimbaji aliyesifika majukwaani. Lakini mzee huyo aliipenda chupa kuliko nyumba yake, akamwacha mkewe Hannah na watoto. Hannah pia alikuwa mwimbaji. Mwaka 1894, mbele ya wanajeshi mjini Aldershot, sauti ilimkatika katikati ya wimbo, wakaanza kumzomea. Charlie, mtoto wa miaka mitano, akatolewa jukwaani aimbe badala yake. Watu wakamtupia sarafu. Basi akasimamisha wimbo ili aokote pesa kwanza! Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Kicheko hicho hakikuwashibisha. Mwaka 1896, wakiwa hawana mbele wala nyuma, waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth, London, wakatenganishwa na mama yao. Baadaye Hannah akaugua akili, akalazwa. Baba naye akafariki mwaka 1901, pombe imemmaliza. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 12, na alichoachiwa na babake ni jina! Mimi pia niliachiwa jina, kwa hivyo hapa nilikiweka kitabu chini kidogo.

Charlie alifika Marekani mwaka 1910 na kikundi cha wachekeshaji. Mwaka 1914, katika filamu zisizo na sauti, akavaa suruali pwapwa, koti la kubana, kofia ndogo na viatu kama mitumbwi, bakora mkononi. Akawa mzururaji asiye na kwao ila ana adabu za bwana mkubwa. Mara nyingi mzururaji huyo hakupewa jina filamuni. Watazamaji wenyewe wakamwita Charlie. Wafaransa wakasema Charlot. Na sisi Waswahili tuna chale wetu, ambaye sioni angetoka kwingine.

Kufikia 1916 alikuwa akilipwa dola 670,000 kwa mwaka. Lakini njaa hakuisahau. Katika The Kid, ya mwaka 1921, mzururaji analea mtoto aliyetupwa, kisha wakuu wanakuja kumnyakua wampeleke kwa mayatima. Tuliitazama darasani. Tulicheka sana, halafu hapo darasa likawa kimya ghafla. Mwaka huohuo alimleta mama yake Marekani, akamtunza hadi alipofariki mwaka 1928.

Malaika hakuwa. Alioa mara nne, na ndoa nyingine zilimletea aibu magazetini. Mwaka 1952, akiwa safarini baharini, Marekani ikamfungia mlango kwa tuhuma za siasa, akahamia Uswisi. Miaka 20 baadaye walimwita wampe Oscar ya heshima, wakasimama wakampigia makofi kama dakika 12. Alifariki tarehe 25 Desemba 1977.

Siku hizi mkiniita Chale kwenye foleni ya githeri, naitika.