Felix Mendelssohn Bartholdy na Simfoni Iliyokosa Yubilei Yake

Felix Mendelssohn Bartholdy alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 3 Februari 1809, katika ukoo wa Kiyahudi uliosifika. Babu yake, Moses Mendelssohn, alikuwa mwanafalsafa aliyejulikana Ulaya nzima, na baba yake, Abraham, alikuwa mwenye benki. Familia ilihamia Berlin, na huko, tarehe 21 Machi 1816, Felix na ndugu zake watatu walibatizwa. Alifundishwa muziki na Carl Friedrich Zelter, kiongozi wa chama cha uimbaji cha Singakademie. Tangu ujana alizoea kuandika juu ya hati zake herufi chache zilizofupisha ombi, kwamba Mungu amsaidie kuikamilisha kazi.

Jina lake lilivuma tarehe 11 Machi 1829. Siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 20 tu, aliongoza Mateso ya Bwana kwa Injili ya Mathayo, kazi ya Johann Sebastian Bach ambayo haikuwa imesikika hadharani tangu mtunzi huyo alipofariki mwaka 1750. Tikiti zote zilikwisha, na watu wengi wakakosa nafasi.

Mwaka uliofuata Walutheri walijiandaa kwa yubilei ya miaka 300 ya Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530. Mendelssohn alikusudia kuiadhimisha kwa simfoni. Hakuna aliyemwagiza, alianza mwenyewe, kwa tumaini kwamba Berlin ingeipokea. Katika sehemu ya kwanza aliweka Amina ya Dresden, nota zinazopanda polepole ambazo kwaya za Saxony ziliziimba katika ibada, nazo hupigwa kwa sauti ya chini sana na vyombo vya nyuzi. Sehemu ya mwisho huanza na filimbi moja pekee ikipiga sauti ya wimbo wa Luther uliotokana na Zaburi ya 46. Kisha vyombo vingine huingia kidogo kidogo, mpaka okestra yote inaupokea.

Lakini katika majira ya kuchipua ya mwaka 1830 aliugua surua, na kazi ikasimama. Alipoikamilisha mwezi Mei, siku zilizobaki hazikutosha. Tarehe 25 Juni ilifika na kupita, simfoni ikiwa bado haijapigwa, naye mwenyewe akiwa safarini kuelekea Italia.

Mwanzoni mwa mwaka 1832 alikuwa Paris, ambako okestra mashuhuri ya Conservatoire iliifanyia mazoezi kisha ikaiacha. Wanamuziki waliona kuwa imejaa ufundi wa kitaalamu na ina uhaba wa sauti tamu. Hilo lilimchoma. Hatimaye, tarehe 15 Novemba 1832, aliiongoza mwenyewe katika ukumbi wa Singakademie huko Berlin, miaka miwili na zaidi baada ya sikukuu iliyotungiwa. Miezi michache baadaye chama hichohicho kilimchagua mtu mwingine kuwa mrithi wa Zelter, aliyekuwa amefariki mwaka uleule wa 1832.

Berlin ilipomkataa, miji mingine ilimpokea. Alihudumu Düsseldorf, kisha tangu mwaka 1835 akaiongoza okestra ya Gewandhaus huko Leipzig, mji ambao Bach alikuwa ameutumikia. Kwa okestra hiyo aliongoza kwa mara ya kwanza simfoni kuu ya Schubert, mwaka 1839, zaidi ya miaka 10 baada ya Schubert kufariki, na simfoni ya kwanza ya Schumann mwaka 1841. Tarehe 3 Machi 1842 ilipiga simfoni yake mwenyewe inayoitwa ya Uskoti. Ile ya yubilei aliiweka kando. Mwaka 1838 alikiri katika barua kwamba hakuweza tena kuivumilia, na kwamba angependa kuichoma moto kuliko kazi yake nyingine yoyote.

Hukumu hiyo ni kali mno, na si mara pekee alipokosea kuhusu kazi zake. Mwaka 1840 alitunga wimbo wa sherehe za miaka 400 ya uchapaji, akaamini kuwa sauti yake haingefaa kamwe maneno ya ibada. Mwaka 1855 Mwingereza William Cummings aliiunganisha na maneno ya Charles Wesley kuhusu malaika wa Bethlehemu, na tangu hapo Wakristo wa nchi nyingi huiimba kila Krismasi.

Mwezi Mei 1847 dada yake, Fanny, mtunzi kama yeye, alifariki ghafla. Felix hakupata nafuu ya huzuni ile. Alifariki Leipzig tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38. Simfoni ya yubilei ilichapishwa mwaka 1868, ya mwisho kati ya simfoni zake kubwa kupigwa chapa. Ndiyo maana inaitwa ya tano, ingawa aliitunga kabla ya tatu kati ya hizo nyingine nne.